Nihame vipi kampuni ya intaneti bila kukatikiwa wala kupoteza namba ya simu ya mezani?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nyumbani nina intaneti na simu ya mezani, vyote kutoka kampuni moja, vinapita kwenye waya uleule wa simu wa siku nyingi. Sasa kampuni nyingine imefikisha faiba mtaani kwetu na nataka kuhamia huko. Kazi zangu nazifanyia nyumbani, kwa hiyo siwezi kukaa siku mbili bila intaneti. Ile namba ya mezani nayo tuko nayo zaidi ya miaka ishirini. Wateja, ndugu na hata daktari wa mama wanaijua hiyo tu. Nilipowapigia kampuni ya sasa, wameniambia nifunge akaunti kwanza ndipo nihame. Ni kweli? Nianzie wapi?"

Dada yangu, usifunge. Aliyekuambia ufunge kwanza amekuelekeza kwenye njia ileile ambayo watu wengi hupotezea namba zao. Usipige simu ya kusitisha huduma, usijaze fomu ya kufunga akaunti, usirudishe ruta yao, mpaka namba iwe imeshafika kule unakohamia na umeipigia mwenyewe ukasikia inaita ndani ya nyumba yako. Namba huhamishwa ikiwa hai. Ukishafunga laini, namba inarudi kwenye hazina ya kampuni ya zamani, na ombi la kuihamisha likifika, mfumo wao unajibu kwamba hakuna namba kama hiyo kwenye akaunti yako. Baada ya muda anapewa mteja mwingine, na hapo bili zako za miaka ishirini hazina nguvu tena.

Ziko sehemu ambako sheria imeweka kinga. Kanuni za mawasiliano za Umoja wa Ulaya za mwaka 2018, kwa mfano, zinampa mteja haki ya kuihamisha namba yake kwa angalau mwezi mmoja baada ya mkataba kwisha. Ni kinga nzuri, nami naiunga mkono kwa moyo wote, lakini ni ya kumwokoa aliyekwisha kuteleza. Usipange safari yako kwa kuitegemea.

Sitaki kumdhania vibaya mhudumu uliyezungumza naye. Mara nyingi anayepokea simu ana mbele yake ukurasa wa akaunti ya intaneti tu, na mteja akisema "nataka kuhama" yeye anasikia "nataka kuacha". Dawa yake ni kutowapigia kabisa kwa ajili ya jambo hili. Uhamisho wa namba huombwa na kampuni inayopokea. Unafungua mkataba kule unakokwenda, unawaambia kwamba unakuja na namba yako, unatia sahihi idhini, nao ndio wanaowasiliana na kampuni ya zamani. Marekani ilizilazimisha kampuni za simu za mezani kuruhusu namba kuhama kwa Sheria ya Mawasiliano ya 1996, na huko uhamisho wa kawaida wa namba moja unatakiwa ukamilike ndani ya siku moja ya kazi. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 12 Septemba 2024, anayehama kampuni ya intaneti ya nyumbani anazungumza na kampuni mpya peke yake, nayo inashughulikia mengine yote, hata mtu akihama kutoka waya wa simu kwenda faiba. Palipo na utaratibu wa namna hiyo, utumie. Pasipo nao, kanuni ni ileile: anza kule unakokwenda.

Sasa nieleze kiini cha jambo lenyewe, maana ukikielewa utajua la kufanya hata likitokea ambalo sikulitaja.

Wewe unalipa bili moja, lakini umebeba vitu viwili vyenye tabia tofauti. Intaneti haihami. Hakuna kitu kinachotolewa kampuni hii kikapelekwa ile. Unafunguliwa mpya, kisha ya zamani inafungwa. Ndiyo maana unaweza kuwa nazo mbili kwa pamoja hata mwezi mzima. Namba ndiyo inayohama kweli, na haiwezi kukaa sehemu mbili: ipo dakika ambayo ilikuwa huku, na dakika inayofuata iko kule. Kwa hiyo intaneti tunaipishanisha na ya zamani, na namba tunaichagulia saa yake.

Penye mtego ni hapa. Kwenye waya wa shaba wa simu, vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja. Kwa mifumo mingi ya kampuni za simu, namba ndilo jina la waya wenyewe, na intaneti yako ya DSL, yaani ile ipitayo kwenye waya wa simu, imeandikwa kama nyongeza juu ya namba hiyo. Siku namba inapoondoka, mfumo unauona waya hauna mwenyewe na kuufunga, na intaneti inakatika nayo. Hakuna mtu aliyekusudia kukukomoa. Ni hatua inayojiendesha. Mtu aliyesikia kwamba simu ya intaneti, yaani ile inayopiga kupitia intaneti badala ya waya wa simu, ni nafuu anahamisha namba Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo jioni hana intaneti ya kuiendeshea simu yenyewe. Kwa hiyo namba isiguswe kabla faiba haijawaka, ikajaribiwa na ikakaa imara. Kwako wewe hii ni habari njema, kwa sababu faiba inaingia kwa njia yake na waya wa zamani haugusi. Vyote viwili vinaweza kuwa hai kwa wakati mmoja ndani ya nyumba, na wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao.

Wasomaji wengine hali yao ni tofauti kidogo. Anayehama kampuni huku akibaki kwenye waya uleule wa shaba hawezi kuzipishanisha, kwa sababu waya mmoja haubebi intaneti ya kampuni mbili. Kwake mabadiliko hufanyika kwenye kituo cha simu kwa mpigo mmoja, na akubali kukatikiwa kwa muda siku hiyo. Anayetoka faiba kwenda faiba inayopita kwenye miundombinu ileile aulize kama kisanduku cha faiba kilichopo ukutani kitatumika au kitawekwa kipya. Baadhi ya visanduku vina tundu zaidi ya moja, na kampuni mbili zinaweza kuwashwa humo kwa pamoja. Vingine vina tundu moja, na kinachobadilika ni mpangilio tu upande wa mtandao.

Turudi kwako. Kabla ya kutia sahihi, ipigie kampuni mpya na uulize mambo machache kwa maneno ya wazi. Je, mnatoa huduma ya simu juu ya faiba, au intaneti peke yake? Je, mnaweza kupokea namba hii, na unaitaja tarakimu kwa tarakimu? Usiridhike na "ndiyo, namba tunapokea". Namba za mezani zimegawanywa kwa maeneo, na kampuni inaweza kuwa na faiba mtaani kwako ilhali haina makubaliano ya kupokea namba za eneo lako. Uliza pia kama wanaweza kuwasha intaneti kwanza na kuileta namba kwa tarehe nyingine baadaye. Hili la mwisho ndilo linalopima kampuni. Wanaoijua kazi yao watasema ndiyo bila kusita. Wakikwambia lazima vyote viende siku moja, omba maandishi yanayoeleza nini kitatokea fundi asipofika au faiba isipowaka siku hiyo.

Ikiwa hawatoi simu kabisa, namba yako bado ina pa kwenda. Zipo kampuni zinazotoa simu ya intaneti peke yake, bila kukuuzia intaneti. Unaihamishia namba huko, nayo inaita kupitia faiba ya kampuni yoyote, kwa adapta ndogo inayochomekwa kwenye ruta na simu yako ileile ya mezani. Kwa kweli mimi naipendelea njia hii hata pale ambapo kampuni ya faiba ina huduma yake ya simu. Namba ikishatenganishwa na intaneti, siku utakapotaka kuhama tena utabadilisha intaneti tu, na namba haitaguswa. Ubaya wake ni kwamba unakuwa na akaunti mbili, na simu ikisumbua kila upande unaweza kukuambia tatizo liko kwa mwenzake. Pima mwenyewe unachoweza kuvumilia.

Ukisha kuwa na majibu hayo, shika bili ya mwisho ya kampuni ya zamani na uisome kama wakili. Maombi ya kuhamisha namba hukataliwa zaidi kwa sababu ya maandishi kuliko kwa sababu ya ufundi. Jina, anwani, namba ya akaunti na namba yenyewe ya simu lazima vifanane na vilivyo kwenye kumbukumbu zao, hata kama kumbukumbu zina kosa. Kama wao waliandika jina lako la kati kwa herufi moja, nawe andika herufi moja. Kama anwani yao ni ya kabla mtaa haujabadilishwa jina, tumia hiyo ya zamani. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi, haujui kwamba ni wewe yuleyule. Baadhi ya kampuni zinataka pia nambari ya siri ya uhamisho, ambayo unaipata kwenye akaunti yako ya mtandaoni au unawaomba. Kuiomba si kufunga akaunti, usiogope. Ila usimpe mtu yeyote aliyekupigia yeye, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni mpya. Wapo wezi wanaohamisha namba za watu ili wapokee misimbo ya benki. Piga wewe, kwa namba iliyo kwenye mkataba.

Umesema namba iko nyumbani zaidi ya miaka ishirini. Basi angalia bili iko kwa jina la nani. Laini za umri huo mara nyingi bado ziko kwa jina la baba, au la mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha maadamu bili inalipwa. Siku ya kuhama ndipo jambo linajitokeza: ombi limetiwa sahihi na wewe, kumbukumbu zinasema laini ni ya mzee, ombi linarudishwa. Ikiwa ndivyo, badilisha jina kwanza palepale kampuni ya zamani, na uwaambie bayana kwamba unabadilisha mmiliki wa akaunti, namba ibaki. Nasisitiza hivyo kwa sababu kuna kampuni ambazo kwao kubadilisha jina maana yake ni kufunga akaunti moja na kufungua nyingine, na mhudumu asipokumbushwa anaweza kukupa namba mpya. Subiri mpaka bili itoke ikiwa na jina lako. Hapo ndipo kampuni mpya ipeleke ombi.

Hakikisha pia hakuna ombi lingine linaloning'inia kwenye akaunti, kama la kuongeza kasi au kuhamia anwani mpya, maana ombi moja lisilokamilika linaweza kuzuia lingine. Na kama waya huo una namba mbili, ya nyumba na ya biashara, ziandike zote kwenye ombi. Ikitajwa moja, ile nyingine inaweza kufungwa pamoja na waya.

Deni nalo linawatia watu hofu. Marekani, kampuni ya zamani hairuhusiwi kuzuia namba isihame kwa sababu tu mteja anadaiwa, lakini deni linabaki kuwa deni. Ushauri wangu kwa yeyote, popote alipo, ni kulipa bili iliyopo kabla ya kuanza, ili pasiwe na kisingizio. Kuhusu mkataba, tafuta tarehe ya mwisho ya kipindi ulichojifunga. Kama bado imebaki miezi mingi, kuna ada ya kuvunja mkataba, na wakati mwingine ni busara kusubiri. Kama kipindi kimekwisha, angalia ni taarifa ya siku ngapi inatakiwa, na katika hesabu yako ongeza gharama ya kulipa kampuni mbili kwa wiki kadhaa. Watu huiona hiyo kama hasara. Kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani, mimi naiona ndiyo bei ya kulala usingizi.

Kuna hasara nyingine inayokuja kimyakimya, nayo ni barua pepe. Kama una anwani ya barua pepe uliyopewa na kampuni ya intaneti, inaweza kufungwa pamoja na akaunti, na kila kitu ulichokisajili kwa anwani hiyo kitakuwa kinatuma viungo vya kubadilisha nywila kwenye sanduku usiloweza kulifungua. Benki, kodi, bima, akaunti za wateja wako. Hili lianze sasa hivi, hata kabla ya kuchagua kampuni: fungua anwani isiyofungamana na kampuni yoyote ya intaneti, badilisha usajili mmoja baada ya mwingine, kisha pakua barua za zamani. Ni kazi ya majuma, wala haiharakishwi na mtu. Ujumbe wa sauti uliohifadhiwa kwenye simu nao hauhami na namba, wala mpangilio wa kuelekeza simu kwenye namba nyingine. Kama kuna sauti ya mtu unayempenda humo, irekodi kabla.

Faiba ikishawekwa, usikimbilie kuchomoa ruta ya zamani. Iunganishe kompyuta yako ya kazi na ruta mpya kwa siku kadhaa, fanya mikutano yako ya video humo, tuma mafaili makubwa, angalia kama inayumba usiku watu wengi wanapotumia. Ukiridhika, ipe ruta mpya jina lilelile la waifai na nywila ileile uliyokuwa nayo, herufi kubwa na ndogo zisibadilike, kisha zima waifai ya zamani. Simu, televisheni na printa vitaingia vyenyewe bila kuguswa. Vifaa vidogo vya bei nafuu kama kamera na balbu za waifai vingi vinasikia masafa ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo vikigoma hakikisha ruta mpya imewasha masafa hayo. Printa ikigoma peke yake, huenda ilipewa anwani ya kudumu ya mtandao wa zamani. Ruta moja hutumia 192.168.0.1 na nyingine 192.168.1.1, na printa imebaki inamtafuta jirani aliyehama. Irudishe kwenye mpangilio wa kupewa anwani na ruta, itajirekebisha.

Kama una kamera unazozitazama ukiwa mbali, au unaingia kwenye kompyuta ya nyumbani kutoka nje, uliza kampuni mpya kama itakupa anwani ya intaneti ya umma. Kampuni nyingi siku hizi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa sababu anwani za mfumo wa zamani wa IPv4 zimekwisha. Ukitazama kwenye ruta ukaona anwani ya upande wa nje inaanza na 100 na namba inayofuata baada ya nukta iko kati ya 64 na 127, uko kwenye kundi hilo, na miunganisho inayotoka nje kuja kwako haitafika. Kuvinjari na mikutano ya video haviathiriki, kwa hiyo wengi hawatajua kamwe.

Sasa niseme kuhusu mama, maana umemtaja daktari wake na hapo moyo wangu ulisimama kidogo. Simu ya waya wa shaba inabeba umeme wake yenyewe. Kituo cha simu hutuma karibu volti 48 kwenye waya, na ndiyo sababu ile simu ya kawaida isiyochomekwa kwenye umeme wa nyumba iliendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika mtaa mzima. Faiba ni uzi wa kioo, hauleti umeme. Umeme wa nyumbani ukikatika, kisanduku cha faiba kinazimika, ruta inazimika, na simu ya mezani inakufa nayo, hata ya kuita gari la wagonjwa. Nunua betri ya akiba ya kuviendesha vifaa hivyo viwili kwa saa kadhaa, na simu ya mkononi iliyochajiwa ikae karibu na mama. Kama ana kitufe cha dharura shingoni kinachopiga simu kupitia laini ya mezani, au nyumba ina kengele ya wezi inayotumia laini hiyo, wasiliana na waliovitoa kabla ya tarehe ya kuhamisha namba. Vingine vinafanya kazi juu ya simu ya intaneti, vingine havifanyi, na vingine vinahitaji kubadilishwa kutumia laini ya simu ya mkononi. Kwa hili usiahirishe wala usibahatishe. Afadhali namba ichelewe mwezi mzima kuliko mama abonyeze kitufe kisijibu.

Simu ya intaneti pia haijui iko wapi. Mwambie mtoa huduma mpya aandike anwani ya nyumba kwenye kumbukumbu za dharura, na uombe uthibitisho kwa maandishi. Laini ya shaba ilijulikana inaishia nyumba gani. Hii mpya inajulikana kwa anwani uliyoandikisha tu.

Hizi habari za umeme na kengele hazimhusu anayehama kampuni peke yake. Nchi nyingi zinaondoa simu za shaba moja kwa moja. Uingereza imepanga kuuzima mtandao wa zamani wa simu ifikapo Januari 2027. Siku moja utaletewa barua uhame hata kama hutaki, kwa hiyo maandalizi haya hayapotei.

Tarehe ya kuhamisha namba ichague katikati ya juma, asubuhi. Ijumaa usikubali, wala siku ya kuamkia sikukuu, kwa sababu likikwama jambo utakaa hadi ofisi zifunguliwe. Usiku wa kabla yake, acha simu ya zamani ilipo kwenye tundu lake la ukutani, na chomeka simu nyingine kwenye ruta mpya au adapta. Zote mbili ziwe tayari. Namba ikihama, kila mtandao wa simu unatakiwa usome upya kumbukumbu inayosema namba hii sasa iko wapi, na hausomi wote kwa dakika moja. Kwa saa chache unaweza kupigiwa na mtu wa mtandao mmoja simu ikaita kule kupya, na wa mtandao mwingine ikaita kule kwa zamani. Ukiziacha zote mbili hutakosa simu ya mteja.

Kisha jaribu. Kupiga kwenda nje kukifanikiwa hakuthibitishi kitu, maana simu mpya inaweza kupiga hata kabla namba haijafika. Kipimo ni kupigiwa. Waombe watu wa mitandao tofauti wakupigie: mmoja kwa simu ya mkononi, mmoja kwa simu ya mezani ya kampuni uliyotoka, na mmoja aliye nchi nyingine kama una ndugu huko. Yule wa kampuni uliyotoka ndiye muhimu zaidi, kwa sababu wakati mwingine wao husahau kufuta namba upande wao, na wateja wao wakikupiga wanaendelea kuangukia kwenye laini iliyokufa, huku dunia nzima iliyobaki inakupata. Mpigie nawe mtu uone namba yako inatokea sawasawa kwenye simu yake. Ukiona tofauti inaendelea hata kesho yake, iambie kampuni mpya kwa maneno haya: namba imehama nusu, simu kutoka mtandao fulani haziingii. Wataelewa mara moja wapeleke wapi.

Tahadhari moja kuhusu nyaya za ndani ya nyumba. Ukitaka simu za vyumba vingine ziendelee kutumia matundu yaleyale ya ukutani, fundi anaweza kulilisha lile la karibu na ruta na mengine yakafuata. Lakini lazima kwanza atenganishe nyaya hizo na waya unaotoka mtaani. Ukichomeka ruta kwenye tundu ambalo bado limeunganishwa na kituo, umeme wa kituo utaingia kwenye ruta yako na unaweza kuiharibu.

Namba ikishatulia kwa juma zima, sasa shughulikia kufunga, kama mfumo haujaufunga waya wenyewe. Uliza kwa maandishi: akaunti imefungwa tarehe ngapi, bili ya mwisho ni kiasi gani, vifaa gani vinarudishwa na kwa tarehe ipi. Ruta ipige picha pamoja na namba yake ya utambulisho, ipeleke, na udai stakabadhi. Agizo la malipo ya kila mwezi benki usilifute mapema. Lifute bili ya mwisho ikishapita. Kama ulilipa mwezi mzima mbele na huduma imekoma katikati, dai salio lako, maana si kila kampuni hulirudisha pasipo kuombwa.

Na ikiwa, Mungu aepushie mbali, laini imeshafungwa na namba haijahama, usingoje kesho. Piga kampuni ya zamani siku hiyohiyo, uombe wairejeshe namba kwenye laini hai kwa ajili ya uhamisho, na uandike namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Kwa kawaida namba iliyofungwa hukaa kando kwa muda kabla ya kupewa mteja mwingine, na ndani ya muda huo inarudishika. Wakati huohuo waambie kampuni mpya wasimamishe ombi, wasilifute, ili usianze mwanzo. Wakikuzungusha, peleka jambo kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini kwako ukiwa na tarehe, majina ya wahudumu uliozungumza nao na nakala ya idhini uliyotia sahihi.